Shamsia Kashusha Tela Mlima wa Newala

Masasi, nyuma ya stendi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Lukmani, Baba Faidha,
Mkunya, Newala.

Shikamoo kaka. Asalaam aleikum wewe na wote uliokaa nao hapo barazani. Mimi mdogo wako Mwanne sijambo, mafua ya baridi hii yalinikamata lakini nimeyafukuza kwa tangawizi, yamebaki ya kupiga chafya asubuhi tu. Wasiwasi wangu uko kwako na mguu wako, maana najua baridi ya huko juu inavyouamsha. Wifi Zena hajambo? Bado anagombana na mbuzi wa jirani? Na Faidha, wale watu wa Kitangari wameshaleta posa au bado wanajishauri? Mwambie shangazi yake nimesikia habari zake, na nilizosikia ni nyingi kuliko anazozijua mwenyewe.

Usishangae kuona barua. Najua siku hizi watu wanapigiana simu. Lakini wewe simu yangu ukiiona unakata, na siku moja uliyopokea ukasema habari za mwanangu Shamsia na gereji hutaki kuzisikia. Sawa kaka. Kusikia hutaki, basi soma. Mwandiko wangu unaujua, darasa la nne nililiacha kabla halijaniacha. Ukikwama mpe Faidha akusomee, ila asome mpaka chini, asiruke.

Yale maneno uliyomtuma Nurdini kondakta yamenifika. Aliyasema mbele ya wateja wangu wanakunywa chai, hana siri yule, lakini yamenifika. Kwamba Shamsia avue ovaroli, apande gari aje Mkunya, akae kwa mjomba wake, ashike jembe kwenye mikorosho mpaka Mungu amletee mume. Kwamba mpwa wako hatakufa chini ya gari wewe ukiwa hai. Kaka, sibishi. Wewe ndiye mjomba, mtoto ni wako. Kwetu mama anazaa, mjomba ndiye mwenye neno. Hata baba yake, Mungu amrehemu, ukimuuliza jambo la Shamsia alikuwa anasema nendeni kwa Lukmani. Ndiyo maana mpaka leo Shamsia sijamwambia kwamba umemwita. Nimesema kwanza nikuandikie yaliyotokea hapa, ukishasoma, utakalosema ndilo litakalokuwa.

Wewe unajua mimi na meza yangu ya chai na ming'oko ya kuchemsha tupo pale pale mlangoni mwa gereji anapofanya kazi Shamsia, kwa Fundi Nikolao, yule mrefu wa Chiwata. Spana ikianguka ndani, mimi nje naijua kwa mlio. Kwa hiyo haya si ya kuambiwa.

Mwezi uliopita akaja mzee mmoja anaitwa Reginald, mstaafu, mtu wa Dodoma, na mkewe Salome. Huyu Salome asili yake ni Kitangari, aliolewa akaenda huko bara, sasa wamezeeka wamesema wazunguke nchi kabla miguu haijagoma. Wana gari kubwa, na nyuma wanavuta tela. Kaka, usifikirie tela la magunia. Hili ni nyumba! Lina mlango, lina dirisha na pazia, kitanda, jiko la gesi, kabati la vikombe, na sinki la kunawia mikono. Siku ya kwanza watu walijaa kuchungulia mpaka Fundi Nikolao akawauliza kama wamekuja kuposa.

Sasa hawa walikuwa wametoka Kitangari kumsalimia shangazi yake Salome. Kwenye kushuka mlima, breki za tela zikaungua. Zilikuwa za zamani, zile za ngoma, zimechoka. Tela likaanza kulisukuma gari mgongoni. Salome alinisimulia ameshika kikombe kwa mikono miwili kama anaota moto. Anasema alikuwa analiona kwenye kioo linakuja ubavuni, kama linataka kuwapita lifike Masasi kwanza. Mzee akashuka kwa gia ndogo, breki za gari zinatoa moshi, mpaka wakafika chini kwa rehema ya Mungu tu. Walipoingia hapa mjini Salome akateremka, akachukua begi lake, akatamka mbele ya watu kwamba yeye hapandi tena gari linalovuta kile kitu, na kama mzee analipenda sana tela akalioe. Akakodi chumba nyuma ya msikiti. Mzee akabaki katikati, mke upande huu, tela upande ule, anakula ming'oko yangu bila kuisikia ladha. Mimi wateja wa namna hiyo nawahurumia, lakini wananunua vizuri.

Mzee akaagiza breki mpya kabisa. Zikaja na basi kutoka Dar, maboksi mazito, vijana wa stendi wanayabeba wanagumia. Fundi Nikolao akayafungua, akatazama, akakuna kichwa. Akasema wazi kwamba yeye lori na trekta ni chakula chake cha kila siku, lakini hizi hajawahi kuzifunga. Nampendea hilo Nikolao, hajifanyi. Shamsia akasema yeye chuoni walifunga za namna hii mara moja na mwalimu wao, na kama fundi na mzee wanakubali, angependa zifungwe na mkono wake na fundi amsimamie. Mzee akamtazama msichana mwenye ovaroli na kilemba cha kanga, akamtazama Nikolao, akatazama upande wa msikiti alikolala mkewe. Akasema fungeni.

Ngoja nikueleze zinavyofanya kazi, maana nimeelezwa mpaka naota. Zile za zamani zilikuwa zinatanuka ndani ya ngoma. Hizi kila tairi lina sahani ya chuma, wanaita diski, na mdomo wa chuma unaoibana sahani ile kwa pedi mbili, kama wewe unavyobana sahani ya ubwabwa mgeni asiifikie. Dereva akikanyaga breki ya gari, umeme unapita kwenye waya mpaka kwenye kisanduku kilichofungwa mbele ya tela. Ndani ya kisanduku mna pampu. Pampu inasukuma mafuta ya breki kwenye vibomba, mafuta yanabana ile midomo, na tela linajishika lenyewe. Halisubiri kushikwa na gari. Na kuna betri yake na pini: ikitokea Mungu apishe mbali tela likachomoka, pini inavutika, tela linajifunga breki lenyewe papo hapo, hata kama hakuna mtu. Shamsia alipoichomoa ile pini kujaribu, vijana wote wa stendi walilisukuma tela, wakatoa jasho, halikwenda hata kidole. Mmoja akasema tela limekuwa kaidi kama mama mkwe wake.

Nisikufiche, mwanao alikosea pia. Walipofika kwenye kutoa upepo uliobaki ndani ya vibomba vya mafuta, kazi ya kukanyaga walinipa mimi, maana mtu mwingine hakuwepo na mimi mguu wangu mzito. Nimekaa kwenye kiti cha mzee, naambiwa mama kanyaga, nakanyaga, mama achia, naachia. Kukanyaga na kuachia mpaka chai yangu ikakauka jikoni. Upepo haukuisha. Kila wakifungua kile kinati cha kutolea upepo, mapovu. Fundi Nikolao akaanza kulaumu mafuta, mzee akaanza kulaumu waliouza. Shamsia akalala chini ya tela, akapapasa vibomba kimoja kimoja. Kisha akatoka, akajifuta uso, ukazidi kuwa mweusi, akasema ni yeye. Midomo ya kulia kaiweka kushoto na ya kushoto kaiweka kulia, kwa hiyo vinati vya kutolea upepo vimeangalia chini, na upepo unakaa juu. Akasema hivyo hivyo mbele ya mzee na mbele ya vijana, hakumsingizia mtu, akachukua spana akafungua vyote upya. Kaka, mimi nimekaa na mafundi miaka mingi, na fundi wa kusema nimekosea mimi kabla hajaulizwa sijamwona. Nilimpelekea chai ya maziwa, na sukari sikuipima.

Upepo ukatoka wote, wakaenda kuijaribu breki huku huku mjini, kwenye vilima vidogo. Ikakamata vizuri. Wakarudi wanacheka, matairi yana moto. Na hapo ndipo Yunusi alipotaka kutuua.

Yunusi si mgeni kwako, mtani wetu, Mngoni, mlikuwa mautingo pamoja kwenye malori ya korosho. Sasa ana pikipiki, lakini moyo wake bado uko kwenye lori. Alipoona moshi kidogo kwenye tairi, hakuuliza mtu. Alikimbia, akachukua ndoo yangu ya maji ya kuoshea vyombo, na kabla hatujasema kitu akaimwaga yote kwenye diski. Kama mlivyokuwa mkifanya nyie kila lori likishuka mlima, dumu la maji kwa kila tairi, hata huko kwenu ambako maji mnayatafuta kama dhahabu. Usimcheke, hata wewe ungemwaga. Chuma kikalia tsss! Yunusi akasimama anatabasamu, anasubiri ashukuriwe.

Ngoma ile ni chuma kinene, ilizoea maji. Diski ya moto ukiimwagia maji baridi inapinda. Wakajaribu tena, tairi la kushoto likawa linatetemeka, gari zima linatetemeka, mzee meno yanagongana. Akashuka akasema basi. Akasema labda Mungu anamwambia kitu, aliuze tela lile kwa mtu wa duka, afungulie humo saluni. Na Salome alikuwa amekuja kuangalia, akageuka akarudi chumbani kwake. Yunusi akakaa chini kwenye gogo, uso umemshuka.

Mimi nilitaka kumtukana, na utani unaniruhusu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Shamsia akanitangulia. Akamwendea akamwambia mjomba Yunusi, maji yale ulimwaga kwa ajili ya kutuokoa, ila hizi mpya zinataka upepo, siyo maji, zinapoa zenyewe. Akamwomba ampakie kwenye pikipiki yeye na diski, waipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kuchongea vyuma. Wakaenda. Wamekaa huko mpaka machweo, diski ikachongwa ikanyooka, akairudisha, akaipima na kile kijidude chake cha kupimia, akaipima tena. Yule mchonga vyuma kaniambia baadaye kwamba msichana yule hakukaa hata mara moja, alisimama juu ya mashine kama mama anayesimamia mwanawe akinyolewa.

Ikabaki mlima. Maana vilima vya mjini ni mchezo wa watoto, na mzee alisema wazi: likishuka mlima wa Newala salama, anaendelea na safari na mkewe. Likishindwa, anauza, anarudi Dodoma kwa basi. Na mimi mfukoni nina maneno yako ya Nurdini. Nikajua kwamba likitokea la kutokea, hata sitakuwa na haja ya kumwambia Shamsia avue ovaroli.

Asubuhi ya siku hiyo Yunusi akaja na mkeka na jembe. Akatandika mkeka mlangoni mwa gereji, akakaa, akaanza kulia kilio cha msiba, uwii uwii, tela limetutoka, kijana wa watu, hata kuoa lilikuwa halijaoa. Akauliza nani anarithi jiko la gesi. Akasema yeye ndiye atakayechimba kaburi, lakini lazima apewe jogoo. Watu walicheka mpaka muuza magazeti akaacha magazeti yake yakapeperuka. Nikamwambia anyamaze, machozi ya Wangoni yanatia chuma kutu. Akasema sisi tunaogopa msiba wakati tumezoea kula vya msibani. Shamsia akacheka, na nadhani alikuwa hajacheka tangu siku ya ndoo. Akamrushia Yunusi kitambaa cha oili ajifute machozi. Mtani ni dawa, kaka, yule mtu alijua anachofanya.

Wakapanda mpaka Newala. Tela walilijazia magunia ya mchanga kwa ajili ya uzito, na madumu ya maji yamejaa. Shamsia ndiye dereva, leseni anayo, Fundi Nikolao pembeni yake. Mzee na Salome nyuma yao kwenye pikapu ya fundi, anaiendesha kijana wa gereji, na Salome alisema anakwenda kuangalia tu, siyo kupanda. Yunusi mbele na pikipiki, anapiga honi watu wapishe. Mimi nilipanda nao, tukakubaliana kwamba kwenye kushuka nitangulie na gari la abiria nikawasubiri chini ya mlima na chupa za chai.

Sasa nakupa ya mlima kama walivyonipa wenyewe. Yunusi anasema alikuwa anatazama nyuma kila kona, na kila akitazama analiona tela limekaa sawa nyuma ya gari, limetulia kama bibi harusi. Salome anasema alishika mkono wa mzee tangu mwanzo wa mteremko, na walipofika pale walipokaribia kufa, alifumba macho, akafumbua, akaona taa nyekundu za tela zinawaka na kuzimika taratibu, na moshi hakuna. Fundi Nikolao anasema katikati ya mteremko mkali kuliko wote, Shamsia alifanya jambo ambalo yeye hakumtuma. Alikanyaga breki akasimamisha gari. Kabisa. Gari na tela na mchanga na maji, vyote vimening'inia mlimani, na havikuteleza. Akakaa hivyo kidogo, akimtazama Nikolao. Nikolao anasema alitaka kusema kitu cha kifundi akajikuta anasema alhamdulillahi, na yeye ni Mkristo. Kisha akaachia, wakashuka mpaka chini.

Umeona, kaka, mlima nimekupa kwa mdomo wa Yunusi na wa Salome na wa Nikolao. Mimi Mwanne, ninayejua jirani kapika nini kabla hajafunua sufuria, kwa nini nisikueleze nilichokiona kwa macho yangu? Ni kwa sababu sikukiona. Nilikuwa ndani ya tela.

Usitupe barua, soma.

Pale stendi ya Newala nilimwambia Salome nakwenda na Yunusi, nikamwambia Yunusi nakwenda na gari la abiria. Wao wakiwa wamezunguka tairi la mbele la gari kulikagua, mimi nikafungua kale kamlango, nikaingia, nikajifungia. Najua ni kosa, trafiki asisikie. Wala usidhani nilikuwa shujaa, au kwamba nilikuwa na uhakika na kazi ya mwanangu. Nilipanda kwa woga.

Kaka, siku ya lori lenu nilikuwepo. Hospitali nilikuambia nilifika na watu wengine baadaye, kumbe nilikuwa chini ya mlima na hotpoti yako ya wali, nimetumwa na mama. Nilisikia honi kabla sijaliona lori. Honi haikukatika. Nikaliona linakuja, nikakuona unaruka na kigogo chako mkononi ukimbie ukakitie chini ya tairi, nikaona tairi linavyokipanda kigogo na linavyoupanda mguu wako, na lori linavyokwenda na dereva wenu Mzee Uwesu mle ndani. Nilikuwa nimesimama na hotpoti. Sikuweza hata kupiga kelele. Sijawahi kukuambia kwa sababu wewe ulikuwa na yako ya kutosha. Lakini ndiyo maana najua ulichokiogopa ulipomtuma Nurdini. Watu wanasema Lukmani ana wivu na msichana kushika spana. Mimi nawajibu hawajui kitu.

Basi waliponiambia nikasimame chini ya mlima nisubiri, na chai mkononi, miguu ilikataa. Nikasema heri niwe naye kuliko nisimame tena pale nikisikiliza kama kuna honi.

Nilikaa sakafuni katikati ya magunia, nimekumbatia mguu wa meza, nasoma kila sura niliyofundishwa madrasa na nyingine nazichanganya. Vikombe kabatini vinagongana kling kling. Mteremko ulipoanza magunia yakaniegemea mgongoni. Nikasubiri kusukumwa. Kaka, sikusukumwa. Kila akikanyaga, nilisikia chini yangu kitu kinashika, polepole, kwa pande zote mbili sawasawa, kama mtu anayekushika kiuno usianguke na hataki ujue kwamba alikuwa karibu. Pale aliposimamisha gari mlimani, vikombe vikanyamaza. Kimya. Nikasikia ndege nje. Nikajikuta nimeuachia mguu wa meza. Mwanao alikuwa amenishika mlimani mimi na mchanga wote ule, na hata hajui kama nipo.

Walipofika chini akaja kufungua mlango aangalie kama mizigo imehama. Akanikuta nimekaa, kanga kichwani, nimejaa vumbi la mchanga. Hakupiga kelele. Akanitazama. Kisha akaniuliza kama nilisikia mtetemo wowote kwenye tairi la kushoto, lile la diski iliyochongwa. Nikamwambia hapana mwanangu, hata kidogo. Akaniuliza tena, na pale kwenye kona kali je? Nikamwambia hata pale. Akaitikia kwa kichwa. Halafu ndiyo akakaa kwenye kile kidaraja cha mlango, akaweka uso kwenye kanga yangu, akalia mpaka Nikolao na Yunusi wakaenda kujifanya wanaangalia pikipiki. Kaniuliza kama fundi kwanza, akalia kama mtoto baadaye. Mtoto kama huyo, kaka, nimzae tena wapi?

Salome alisimama akatuangalia. Akaenda kwenye pikapu akachukua begi lake, akalitupa kwenye kiti cha mbele cha gari la mumewe, akamwambia mzee awashe, Tunduru ni mbali. Kabla hawajaondoka alinikumbatia akaninong'oneza kwamba mimi ni mwendawazimu. Na mzee alimpa Shamsia mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyompa mkono mtu mzima. Mpaka leo wenye magari wanakuja gerejini wanauliza yule dada wa breki yuko wapi. Nikolao anawaonyesha, halafu anasema huyo nimemfundisha mimi, na mimi namwacha aseme, siku ya furaha watu wagawane.

Sasa neno ni lako. Alhamisi Shamsia anapanda Newala na pikapu ya fundi kupeleka vipuri, na atapita Mkunya kukuamkia. Hajui lolote, nimekuambia. Ukimwambia avue ovaroli, ataivua hapo hapo uwanjani kwako, hatakubishia, namjua. Lakini nakuomba, kabla hujamwambia, panda mbele pale pembeni yake mshuke mlima mpaka Masasi. Tangu siku ile hujashuka. Hata kwenye msiba wa baba yake Shamsia ulituma salamu ukasingizia mguu, na mimi nilinyamaza. Shuka naye mara moja tu, msikie anavyokanyaga. Ukishafika, sema utakalo.

Mimi nitakuwa chini ya mlima na wali wako. Safari hii naweza kusimama.

Msalimie wifi Zena, mwambie viungo alivyoomba nitampa Shamsia amletee. Msalimie Faidha na wachumba wake wote. Yunusi anakusalimu, anasema mkeka wa msiba ameuweka, bado anakusubiri wewe. Na anayeniulizia yeyote hapo Mkunya mwambie Mwanne mzima, na mdomo wake mzima.

Wako mdogo wako asiyeishiwa maneno,
Mwanne, Mama Shamsia fundi.